Ndege za Vita na Haki ya Jirani

Suala tunalotaka kulitazama ni hili: Je, jeshi linalojizoeza kuilinda nchi lina haki ya kurusha ndege zake chini chini, juu ya nyumba za watu na madarasa ya watoto? Wako wasemao kuwa ulinzi ni wa wote, basi aliye chini ya njia ya ndege na avumilie. Na wako wasemao kuwa mazoezi hayo hayana haja asilani. Sisi twaona kuwa makundi yote mawili yamepita mpaka.

Tuanze na hili la pili. Mwenye amri amewajibishwa kuweka nguvu ya kuwalinda raia wake, na nguvu isiyozoezwa ni bure. Rubani hujifunza kuruka chini kwa sababu rada huona kwa mstari ulionyooka, na anayepita nyuma ya vilima hujificha nayo. Basi zoezi lenyewe si dhambi.

Lakini yatupasa tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mtu apitaye na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Hakumkataza kuchukua mishale, wala hakungoja mpaka damu imwagike. Mzigo wa hadhari aliutwika juu ya mwenye silaha, si juu ya wapita njia. Ndege ya vita ni mshale wa zama zetu, na ncha yake hushikwa kwa kuchagua mahali, saa, na kimo cha kuruka.

Natuipime kanuni hii katika Busia na Malaba, upande wa Kenya. Busia ni mji mmoja uliogawanywa na mpaka, na kila upande una jina lile lile. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa hukata kilomita 13 kwa dakika moja. Rubani akichelewa kugeuka kwa nukta chache tu, amekwisha kuwa juu ya nchi ya watu, na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 wakataza ndege za dola kupita juu ya nchi nyingine pasipo idhini. Tena watu wa huko wanajua mlio wa vita. Disemba 1987 majeshi ya Kenya na Uganda yalipigana risasi pale Busia, watu wakafa, mpaka ukafungwa, hata Rais Moi na Rais Museveni wakakutana Malaba mwishoni mwa mwezi ule kupatana. Aliyekuwa mtoto siku zile leo ni mzazi. Ngurumo ikipasua juu ya paa lake, atajuaje kuwa hili ni zoezi na lile ni shambulio? Atakwisha kukimbilia wanawe kabla hajapata wa kumweleza.

Husemwa: "Ni kelele tu." Kelele ya ndege iliyo chini haitangulii ikapiga hodi, huja kwa ghafula. Mwalimu hukatika maneno, na mtoto hushituka moyo. Nasi tumekatazwa kumtia mtu hofu hata kwa mzaha. Wala si hofu peke yake. Tarehe 21 Julai 2025 ndege ya mafunzo ya jeshi la Bangladesh iliangukia skuli mjini Dhaka, wakafa watu zaidi ya 30, wengi wao watoto. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wasamburu na Wamaasai wa Archer's Post na Dol Dol, walioumizwa na mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi.

Sasa twaja kwa wale wa kwanza. Ikiwa ulinzi ni wa wote, basi na uzito wake uwe wa wote. Kumtwika mnyonge kwa kuwa hana wa kumsemea si ulinzi, ni dhuluma. Haki ni kutafuta nyika isiyo watu. Kuwapasha habari mapema walimu, wazee wa mitaa na jirani wa ng'ambo. Kuziepuka saa za masomo. Na kulipa dhara bila ya kumzungusha mtu mahakamani. Jeshi lifanyalo hivi halipungukiwi na nguvu, bali huzidi kuaminiwa.

Huenda msomaji wa Mombasa akasema kuwa Busia ni mbali. Shehena nyingi zishukazo Kilindini hupita huko, na madereva wetu hulala huko. Na mtu wa Lamu, aliye na kambi ya Manda ubavuni mwake, hahitaji kuelezwa. Lakini lau tusingekuwa na mtu hata mmoja huko, haki haipimwi kwa masafa. Mtoto wa Malaba ana haki ya kusikia somo lake kama mtoto wa Mji wa Kale. Basi tuliseme neno hili mbele ya wabunge na wakubwa wetu, kwa adabu na bila ya woga.

Mwenyezi Mungu awape wenye nguvu huruma, na wanyonge amani. Amin.