Huruma ya Risasi Kubwa

Mwaka wa 1959, huko Msumbiji, nyati alimjeruhi mwindaji Mmarekani, Jack Lott. Bunduki yake ya .458 Winchester Magnum ilishindwa kumwangusha mnyama kwa wakati. Je, Lott aliacha kuwinda? Wapi! Alibuni risasi yake mwenyewe, ambayo hakuna kiwanda kilichokuwa kikiitengeneza: kichwa cha unene uleule, lakini ganda refu zaidi, lenye nafasi ya baruti zaidi. Kufikia 1971 ilikuwa tayari. Inaitwa .458 Lott.

Nakiri hadithi hii hunivutia. Sijawahi kushika bunduki, na hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Lakini mtu anayepima, akakosea, akapima tena, huyo namwelewa.

Wabunifu wa risasi hizi wana hoja. Risasi dhaifu hujeruhi tu, mnyama akateseka kichakani. Yenye nguvu humaliza haraka. Hiyo ni huruma, wanasema. Na si uongo.

Ila huruma hiyo huanza baada ya swali kubwa kufungwa. Kwani nani alisema lazima nyati afe?

Singemuuliza Lott hivyo kama si kazi yangu. Juzi bosi aliniagiza niandike barua za kuwaachisha wenzetu kazi. Nilikesha nikilainisha maneno, yasiwaumize sana. Zilitoka barua nzuri, hata nikajipongeza.

Sikuuliza kama ilikuwa lazima ziandikwe.