Kasuku na Jirani



Wamo kati yetu wanaofuga kasuku katika vyumba vidogo vya ghorofa, na wapo majirani wasiopata usingizi kwa sababu hiyo. Tufanyeje?

Kasuku ni ndege wa kundi. Porini, alfajiri na jioni, huitana ili wajuane walipo. Akiwa peke yake chumbani huita vilevile, na kundi lake sasa ni sisi. Tukimfokea anyamaze, kwake ni kama ameitikiwa, naye huzidisha. Tukimfunika nguo mchana kutwa, twamwadhibu kwa jinsi alivyoumbwa.

Basi tumwitikie anapoita kwa sauti ya chini. Tumpe vijiti vya kutafuna, na nafasi ya kukaa nasi. Usiku tumpe giza na utulivu kwa muda wa saa 10 hadi 12. Tundu lake tuliondoe kwenye ukuta wa jirani. Kisha tubishe hodi kwa jirani huyo, tumwulize hupumzika saa ngapi.

Mithali 12 hupima haki ya mtu hata kwa mnyama wake. Kasuku wa kijivu aweza kuishi miaka 40 na zaidi. Amchukuaye na ahesabu gharama kwanza. Bwana atujalie uvumilivu. Amina.