Je, Mgeni Akilipa Bado ni Mgeni?

Katika lugha yetu neno "mgeni" lina sura mbili. Ni mtu asiyejulikana, na ni mtu aliyekaribishwa. Kiswahili kimewaacha watu hao wawili ndani ya neno moja, kana kwamba kinatuachia sisi kazi ya kuamua ni lini yule wa kwanza amekuwa yule wa pili. Wanafunzi wangu huniuliza jambo hili, nami kwa miaka mingi niliwajibu kwa wepesi: ni pale anapoketi na kula. Tangu likizo moja niliyoipitisha chini ya Mlima Elgon, wepesi ule sinao tena.

Mlima huo, ambao Wagisu huuita Masaba, umekalia mpaka wa Uganda na Kenya, na kilele chake kirefu, Wagagai, kina mita 4,321. Wapandaji wengi wa upande wa Uganda huanzia Budadiri, hupita mashamba ya migomba na kahawa, kisha huingia katika Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1993, ambamo hukutana na msitu wa mianzi. Wapo miongoni mwao wasiotosheka kuujua mlima kwa miguu tu. Hutaka kuujua kwa ulimi pia. Hao hupangiwa mlo kijijini, nao hupikiwa malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yakachemshwa, kisha yakaungwa kwa karanga zilizosagwa.

Niliombwa niwe mkalimani wa wageni wawili wa namna hiyo, waliokuwa na nia ya kuanza kupanda kesho yake. Mama mwenye nyumba alitutandikia mkeka, akatunawisha mikono, akaleta bakuli. Wageni wakalipiga picha, wakaonja kijiko kimoja kimoja, wakasifu sana, wakalisogeza kando. Kisha wakalipa bei yote iliyokubaliwa, na nyongeza juu yake. Walipokwisha kutoka, mama alizitazama zile noti mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wamenilipa, lakini hawakula."

Nilighadhibika kwa niaba yake. Njiani nilijitungia hotuba nzima: kwamba fedha imeua ukarimu, kwamba tangu jadi chakula cha mgeni hakiuzwi, na mengineyo ambayo sisi walimu huyajua kwa moyo. Hotuba ilikuwa tamu mpaka nilipokumbuka tumbo langu. Mimi nilikula nikashiba, wala sikutoa hata senti moja, wala sikuja na kilo ya sukari au kipande cha sabuni. Nilijihesabu kuwa mgeni wa desturi. Lakini malewa yale hayakuokotwa uani. Yupo mtu aliyepanda msituni, kwa makubaliano baina ya hifadhi na wanakijiji, akakata, akateremka na mzigo. Zipo kuni za kukaushia. Zipo karanga za kununua sokoni. Wageni walilipa pasipo kula, nami nilikula pasipo kulipa. Ni nani kati yetu aliyemdhulumu mama yule zaidi?

Wasemao kwamba ukarimu ukitiwa bei si ukarimu tena, mara nyingi ni sisi wanaume tukaribishao kwa mdomo, ilhali mwenye kuteka maji na kupuliza moto ni mwingine. Tena hebu tukitazame chungu cha malwa, pombe ya ulezi inywewayo katika nchi hiyo. Wanywaji hukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio nchani, na maji ya moto huongezwa kadiri pombe inavyopungua. Mara nyingi wenyewe kwa wenyewe huchanga fedha za kukinunua, na sijasikia mtu akisema kuwa mchango huo umevunja urafiki wao. Bali mwenye kuchanga, kisha akainuka akaenda zake, huyo huulizwa ana nini. Fedha imelipia pombe. Kuketi ni deni jingine.

Mtaniambia kwamba mpanda mlima analiogopa tumbo lake. Ni kweli, na hofu hiyo si dharau: kuharisha katika baridi ya mlimani, mbali na zahanati, si mzaha. Basi na aseme mapema, kabla sufuria haijatelekwa: "Mama, tupikie kidogo tu, tuna safari." Kumkatalia mwenyeji kwa maneno ni kumhesabu kuwa mtu wa kuzungumza naye. Kumkatalia kwa kumwongezea noti ni kumfunga kinywa. Wale wawili hawakusema, lakini wangesemaje ikiwa hawakuijua lugha? Kinywa chao kilikuwa mimi, nami nililiona bakuli linasogezwa, nikanyamaza, nikaendelea kula.

Likizo iliyofuata nilirudi pale na sukari na karanga. Mama alicheka, akapokea, akaniwekea kigoda. Hakutaja deni langu lolote. Aliuliza habari za wale wawili: je, walifika kileleni, na baridi ya huko iliwapataje? Sikuwa na la kumjibu, kwa maana sikuwahi kuwauliza.