Sulhu, na Gharama za Haki

Ndugu msomaji, dini yetu imeisifu sulhu. Qurani imeieleza kuwa ni kheri, na masheikh zetu hawachoki kutuhimiza tupatane kabla ya kufika mbele ya kadhi. Lakini je, wagombanao wakipatana katikati ya kesi, gharama zilizokwisha kutoka mfukoni azibebe nani?

Tutazame mfano. Mtu wa Kisesa, karibu kilomita 20 kutoka Mwanza mjini katika njia ya Musoma, ana mashine ya kukoboa mpunga. Ofisi moja ya serikali ikaifunga bila ya kumsikiliza. Akaandika barua, hakujibiwa. Akauza ng'ombe wawili, akashika wakili, akaiomba Mahakama Kuu iliyoko Mwanza iupitie uamuzi ule. Mahakama ilipotoa tu ruhusa ya shauri kuendelea, ofisi ikafuta amri yake na kusema: shauri limekwisha, kila mtu na gharama zake. Mashine imefunguliwa, ng'ombe hawakurudi.

Sheria ya mwenendo wa madai ya Tanzania imemwachia jaji hiari juu ya gharama, na asipomtwika aliyeshindwa huandika sababu. Walakini penye sulhu hapana aliyeshindwa kwa hukumu, na hapo ndipo mnyonge anapopotelea. Huko Uingereza, mwaka 2012, Mahakama ya Rufani ililikabili jambo hili katika kesi ya kijana mmoja na halmashauri ya Croydon. Ikasema kuwa mdai aliyepata kwa sulhu yote aliyoyaomba, kwa kawaida alipwe gharama zake kama aliyeshinda.

Wanavyuoni wetu waliliona hili zamani. Mtume (s.a.w.) amehesabu kuwa ni dhulma mwenye uwezo kumzungusha mwenye haki yake. Na Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, aliona kuwa mdaiwa mwenye uwezo akikawia hata mdai akalazimika kushitaki, gharama hizo ni juu ya mkawiaji.

Yuko atakayesema: fedha za serikali ni za watu wote, na ofisi ikitozwa kila inaporejea katika haki, itaogopa kurejea. Hoja hii ina uzito. Kwa hiyo insafu yataka tupime. Mdai aliyekimbilia mahakamani bila ya kuonya kwanza, na ajilaumu. Kila mmoja akiachia kidogo, gharama nazo zigawanywe. Ofisi iliyojirudi kwa barua ya kwanza haina deni. Lakini iliyonyamaza mpaka mtu akauza mifugo yake, hasara hiyo imeifanya yenyewe. Mali ya umma hailindwi kwa kumtwika mtu mmoja kosa la ofisi; hulindwa kwa kujibu barua mapema.

Basi, msomaji, ukipatana na mtu, gharama ziandikwe ndani ya mapatano kabla hujatia sahihi. Nawe uliyepewa cheo, jibu barua ya mnyonge ingali juu ya meza yako, kabla hujaulizwa habari zake Siku ya Hisabu.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika uadilifu. Amin.