Amana Iliyomo katika Mitambo Iliyozimwa

Neno kufuta ni la kila siku kwetu sisi walimu. Tufutapo ubao, maandishi huondoka pamoja na vumbi la chaki, na mwanafunzi aliyechelewa kunakili hana la kufanya. Kompyuta haifuti hivyo. Iamriwapo kufuta jalada, aghalabu huondoa tu kumbukumbu ya mahali jalada lilipo, mfano wa mtu achanaye ukurasa wa yaliyomo katika kitabu na kuziacha sura zote ndani. Mwenye ujuzi kidogo huweza kuzisoma tena. Tofauti hii ndiyo inayotuleta kwenye swali la makala haya: mtu afungaye kituo cha data katikati ya mji uliosongamana ana wajibu gani kwa wale ambao majina yao yamo katika mitambo anayoizima?

Tuutazame mji wa Juba. Tangu mkataba wa amani wa mwaka 2005, na hasa baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, mji huu umepokea wizara, benki, makampuni ya simu na mashirika mengi ya misaada. Nyuma ya kuta nyingi huunguruma jenereta, na kando ya jenereta kipo chumba chenye kiyoyozi na seva chache. Hatusemi majumba makubwa kama ya Ulaya. Pengine ni kabati moja tu. Lakini kabati hilo laweza kubeba majina, namba za simu, na hata alama za vidole za maelfu ya watu, maana Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na mengineyo yameandikisha watu kwa njia hiyo Sudan Kusini. Fedha zikikatika au kazi ikiisha, seva huzimwa. Na nje ya lango ni soko. Huko Konyokonyo, ambako Kiswahili cha wafanyabiashara wa Uganda, Kenya na Kongo husikika pamoja na Kiarabu cha Juba, chombo kikuukuu hakikosi mnunuzi.

Msomaji asidhani kwamba uzembe huu ni wa nchi maskini. Benki ya Morgan Stanley ya Marekani ilipofunga vituo vyake viwili vya data mwaka 2016, kazi ilipewa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyokuwa na ujuzi wa kuharibu taarifa. Diski zikauzwa mnadani kwenye intaneti zikiwa bado na habari za wateja. Mwaka 2022 benki ikatozwa faini ya dola milioni 35. Na mwaka 2009 waandishi wa habari walinunua nchini Ghana, kwa dola 40, diski iliyokuwa na hati za mikataba ya serikali ya Marekani. Hao walipoteza siri na fedha. Mkazi wa Juba aweza kupoteza zaidi.

Desemba 2013, vita vilipozuka mjini humo, watu wa kabila la Nuer waliandamwa nyumba kwa nyumba, kama ilivyoandikwa na Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo. Wauaji wale hawakuhitaji kompyuta. Je, wangekuwa nayo? Orodha iliyotungwa kwa nia njema, ili mama apate mtama na mafuta, hueleza pia mama huyo ni nani na yuko wapi.

Hapo wengine husema: basi na viteketezwe vyote. Wanao mfano mzito. Tarehe 27 Machi 1943, wapinzani wa Wajerumani waliichoma ofisi ya kumbukumbu za wakazi wa Amsterdam ili Wayahudi wasisakwe kwa kadi zake. Ni sehemu tu ya kadi iliyoungua, na watu kumi na wawili walipigwa risasi kwa tendo hilo. Nani atawalaumu?

Hata hivyo Waingereza nao walichoma. Walipokaribia kuondoka katika makoloni yao, Kenya na Uganda zikiwemo, waliamuru majalada ambayo yangewaaibisha yachomwe au yasafirishwe kwao. Yaliyosalia yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, na kuwapo kwake kukakiriwa mwaka 2011 katika kesi ya wazee wa Mau Mau. Miaka miwili baadaye Uingereza ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228. Laiti moto ungemaliza kazi yake, wazee wale wangesimama mahakamani na makovu yao tu. Juba yenyewe yaijua thamani ya karatasi: hati za utawala wa zamani zilikaa miaka ndani ya hema, zikitishwa na mvua na mchwa, kabla hazijapangwa na kupigwa picha.

Moto ni ule ule. Kinachotofautiana ni hofu inayouwasha. Wa Amsterdam waliwahofia walioandikwa; wa Kenya walijihofia wao wenyewe walioandika. Kwa maoni yetu, taarifa za mtu ni amana, na mwenye seva ni mwekewa tu. Kununua kabati hakumfanyi kuwa mmiliki wa majina yaliyomo.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kuzima. Kile ambacho mwenye jina atakihitaji, kama cheti cha shule au hati ya kiwanja, kinakiliwe na kukabidhiwa mahali atakapopajua. Kilichobaki kiharibiwe papo hapo uani, kisipitishwe mjini juu ya gari la mtu asiyejulikana. Kukichoma ni kumlisha jirani moshi wa sumu, na katika mji wa kuta zinazogusana jirani ni kila mtu. Sumaku kali hufaa kwa diski za zamani zinazozunguka, lakini hizi mpya zisizozunguka haziidhuru. Hizo hazina budi kusagwa. Kila diski isomwe namba yake mbele ya mashahidi. (Tumewahi kuona vyeti vya uharibifu vilivyotiwa sahihi na watu ambao hawakuondoka mezani pao.)

Kuna pingamizi la haki: katika mji wenye shule zisizo na kompyuta hata moja, kusaga mitambo mizima ni israfu. Tunakubali. Diski ing'olewe, isagwe. Mashine iliyobaki ipewe shule. Gharama ya diski mpya ilipwe na yule aliyeyakusanya majina, kwani yeye ndiye aliyeyaomba.