Nilivyoingia Nagona Kupitia Dirishani

Likizo ile ya chuo ilikuwa ndefu kuliko pesa niliyokuwa nayo. Kituo kimoja cha tuisheni kilikuwa kinatafuta mtu wa kuwasomesha fasihi vijana wa kidato cha sita, jioni mbili kwa wiki, nami nikajitokeza. Nilipoulizwa kama ipo riwaya ya ziada ninayoweza kuwafundisha ili kuwapanua mawazo, nilijibu bila kupepesa macho: Nagona.

Sikuwa nimeielewa Nagona. Nilikuwa nimeimaliza tu, na hayo ni mambo mawili.

Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1990, na pacha wake, Mzingile, akafuata mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba. Nagona unaweza kuianza baada ya adhuhuri ukaifunga kabla ya magharibi, na wembamba huo ndio ulionidanganya. Ndani yake msimulizi yuko safarini, lakini wakati hauendi mbele kama tulivyozoea, na inangojwa Ngoma Kuu ambayo hakuna anayekukalisha chini akakueleza ni ngoma ya nini. Niliinunua kwa muuza vitabu anayetandaza bidhaa yake chini, kando ya barabara. Sikuinunua kwa kiu ya kusoma. Nilikuwa nimegundua kuwa ukiitaja mbele ya wanafunzi wenzako, wote wananyamaza, na ukimya ule nilikuwa nauonea utamu.

Katika darasa langu kulikuwa na binti mmoja aliyekaa dawati la mbele, mwenye rula na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Siku ya kwanza aliinua mkono.

“Samahani, mwalimu. Huyu anayesimulia anakwenda wapi?”

Nililiona swali la kitoto. Ukweli ni kwamba lilikuwa swali lenyewe, tena nilikuwa nimejiuliza mimi kwanza nikalikimbia. Nikakohoa kidogo, nikasema: “Haendi mahali. Safari yake ni mpasuko wa nafsi ndani ya wakati usio na kitovu.”

Darasa likanyamaza, kama nilivyopenda. Binti akaandika sentensi yote, akachukua rula, akaipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu.

Wiki iliyofuata alinisubiri mlangoni na karatasi mkononi. “Mwalimu, nimeandika insha juu ya lile jibu lako. Lakini kaka yangu ameisoma akaniuliza kitovu cha wakati ni kitu gani, nikashindwa kumwambia. Ulikuwa na maana gani?”

Nikaitazama karatasi. Maneno yangu yalikuwa pale, yamepangwa vizuri kuliko nilivyoyasema, nami mwenye maneno sikuwa na la kusema. “Isome tena taratibu,” nikamwambia, “utaelewa tu.”

Alisoma tena. Jioni iliyofuata alinirudishia nakala niliyomwazima, ameifunga kwa gazeti ili isichafuke. “Nimerudia mara tatu, mwalimu. Nadhani sina kichwa cha fasihi.” Akashukuru, akaondoka.

Hapo ndipo uongo wangu uliponirudia. Sikuwa nimejidanganya mimi peke yangu. Nilikuwa nimemfanya mtu mwenye swali zuri aamini kwamba kasoro iko kichwani mwake.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ambaye jioni hukutwa chini ya mwarobaini akicheza bao. Nilimwendea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?”

Nikamsimulia yote, hata lile la kitovu. Hakucheka. Akauliza: “Kabla ya Nagona, Kezilahabi umemsoma kitabu gani?”

“Hicho ndicho cha kwanza.”

Akaligonga bao kwa kidole. “Na hili, ulianza kufundishwa lipi?”

“Bao la kujifunza.”

“Kwa nini?”

Nilijua kwa nini, kila mtoto wa uswahilini anajua. Katika bao la kujifunza kete zote 64 zinalala ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili katika kila shimo, mtoto aone kila kitu. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, anaziingiza mojamoja kwa kunamua, na ndipo watu wazima wanapopigana vikumbo vya akili. Ubao ni uleule na kete ni zilezile, ila hakuna anayemketisha mtoto kwenye kunamua siku ya kwanza.

“Basi na huyu bwana ameliacha bao la kujifunza mlangoni,” mzee akasema. “Rosa Mistika ya mwaka 1971: binti wa Ukerewe, baba mkali, masaibu unayaona kwa macho. Halafu Kichwamaji, mwaka 1974: kijana msomi anarudi nyumbani na maswali kuhusu maana ya kuishi. Maswali ya Nagona yameanzia mle, isipokuwa mle yana watu, nyumba na chakula. Kisha akaenda Marekani, akazama katika falsafa na namna ya kufasiri fasihi, akamaliza tasnifu yake ya uzamivu Wisconsin mwaka 1985. Nagona imekuja baada ya yote hayo. Mtu ametembea miaka 19, wewe unataka umkute mwisho wa safari bila kumuuliza alikopita. Mwanangu, umeingia nyumba ya mtu kupitia dirishani, halafu unalalamika kuwa hukuona sebule.”

Kisha akanipa kisa ambacho sijakisahau. Ibn Sina, mganga na mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, alisimulia mwenyewe kwamba ujanani alikisoma kitabu cha Metafizikia cha Aristotle mara 40. Alikihifadhi kichwani, na bado hakujua mwandishi anakusudia nini, hadi akakata tamaa nacho. Alasiri moja akawa sokoni kwa wauza vitabu, dalali akamjia na kitabu mkononi. Akakikataa, akiamini elimu ile haina faida. Dalali akamshikilia: ni rahisi, dirhamu tatu tu, mwenyewe ana shida ya pesa. Akakinunua. Kilikuwa kitabu cha al-Farabi kinachoeleza makusudi ya kile cha Aristotle. Akakimbilia nyumbani, akakisoma, na yote aliyoyahifadhi yakafunguka papo hapo. Kesho yake akawatolea maskini sadaka kwa kumshukuru Mungu.

“Sasa niambie,” mzee akasema, “zile mara 40 zilipotea?”

“Hazikupotea. Zilikuwa kuni kavu.”

“Na kiberiti kilikuwa dirhamu tatu. Tofauti yako na yake unaiona?”

Niliifikiria njia nzima. Tulikuwa sawa katika kutoelewa. Hata mtu mwenye akili kama ile aligonga ukuta, kwa hiyo kugonga ukuta si aibu. Ila yeye alijiambia wazi kwamba hajaelewa, na ndiyo maana kitabu kilipomfikia, akatambua kilichokuwa kimepungua. Mimi nilikuwa nimekwisha kutangaza kwamba nimeelewa. Dalali angenijia na ufunguo wenyewe ningemfukuza, kwa kuwa mlango nilikuwa nimewaambia watu uko wazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimesimama wima, natafuta kwa maneno makubwa.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuwaendea waandishi wagumu, waendee, usiogope. Tafuta kwanza kitabu ambacho mwandishi wako alikiandika angali anawaonea huruma wasomaji wake. Unapopotea, weka alama ya penseli mahali ulipopotelea. Alama hiyo itakufaa kuliko sifa ya kumaliza. Kitabu cha mtu anayekifafanua kile kigumu si fimbo ya kilema, kinunue. Na kabla hujasema umeelewa, msimulie ukurasa mmoja mama yako au dereva wa bodaboda kwa maneno ya sokoni. Yakikwama, jua umekariri.

Jioni iliyofuata niliingia darasani, nikaandika ubaoni: “Huyu anayesimulia anakwenda wapi?” Chini yake nikaandika: “Mimi sijui. Tutafute.” Nikawaambia jibu langu la kwanza walifute, halikuwa jibu. Kwa mara ya kwanza darasa halikunyamaza. Mmoja akasema anatafuta ukweli, mwingine akasema amekimbia kitu, wa tatu akataka tuusome upya ukurasa wa kwanza kwa sauti. Tukausoma.

Dawati la mbele lilikuwa tupu. Niliendelea kulitazama kila jioni mpaka likizo ilipokwisha.