Nani Alikushikisha Upanga?



Juni ndiyo hii. Baridi imeshuka, Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi, na machalii wa Chuga wote tumeshatoa majaketi kabatini. Mwezi huu Kanisa limetuwekea siku mbili ambazo kijana asiziache zipite hivi hivi: tarehe 3, Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, na tarehe 24, Kuzaliwa kwa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Leo nataka tuziangalie pamoja. Nitaanzia mahali ambapo pengine hukutegemea: kwenye gemu.

Najua wapo watakaouliza, "Kiongozi, gemu tena?" Ndiyo, gemu. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation nyumbani kwao Milano. Husimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa wiki, maana alitaka yeye awe bwana wa kile kifaa, si kifaa kiwe bwana wake. Kwa hiyo swali la kama mtakatifu anaweza kushika padi limeshajibiwa. Swali linalobaki ni hili: ukishaizima, umebaki na nini?

Gemu ninayoizungumzia ni Crisis Core: Final Fantasy VII. Ilitoka Japani mwaka 2007 kwa ajili ya PSP, ile ya kushika mkononi, na mwaka 2022 ikatengenezwa upya kwa vifaa vya sasa. Nimeicheza kwenye PSP ya mtumba, jioni, baada ya kazi. Yenyewe ni hadithi ya kabla. Final Fantasy VII ilishatoka mwaka 1997, na shujaa wake, Cloud, anatembea na upanga mpana kuliko kifua chake. Crisis Core inarudi nyuma miaka kadhaa kutueleza upanga ule ulitoka wapi. Unamcheza kijana anayeitwa Zack Fair, mcheshi, asiyetulia, mwenye ndoto ya kuwa shujaa.

Shida ni kwamba aliyecheza ile ya 1997 anajua tangu mwanzo kuwa Zack atakufa. Hakuna siri. Unampandisha ngazi, unamtafutia silaha, unacheka naye akimsaidia binti muuza maua kule kwenye kanisa bovu la mtaani ambako maua yanaota ndani, na muda wote unajua. Kwenye kona ya skrini kuna sura za watu aliokutana nao, zinazunguka kama mashine ya kubahatisha. Zikilingana, anapata nguvu. Sasa katika pambano la mwisho, peke yake mbele ya jeshi zima, zile sura zinaanza kukwama, zinapauka, zinafutika moja baada ya nyingine. Wewe unaendelea kubonyeza na haisaidii. Kisha anamkabidhi upanga Cloud, rafiki yake aliyembeba mgongoni akiwa hajitambui, na hadithi ya Cloud ndipo inapoanza.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita haraka. Upanga ule haukuanzia kwa Zack. Alipewa na mwalimu wake, Angeal. Na Angeal aliupata kwa baba yake, mtu maskini wa kijijini, aliyekopa fedha ili mwanawe awe na upanga wa heshima, akafanya kazi kulilipa lile deni mpaka akaugua na kufa. Ndiyo maana Angeal aliubeba mgongoni miaka yote na karibu hakuutumia. Aliona ndani yake jasho la baba.

Hapo ndipo nilipoweka PSP mezani nikanyamaza kidogo. Ile si hadithi ya Wajapani peke yao. Ni hadithi ya Tengeru, ya Usa River, ya Ngaramtoni, ya Sakina. Ni wangapi kati yetu wamesoma kwa ng'ombe aliyeuzwa, kwa kipande cha shamba la kahawa kilichowekwa rehani, kwa mama aliyeamka saa kumi usiku kuwahi ndizi sokoni? Cheti chako kina jina lako moja. Deni lake lina majina mengi.

Sasa twende kwenye tarehe 3 Juni. Tukisema "mashahidi wa Uganda" tunakimbilia Namugongo, kwenye moto wa mwaka 1886. Lakini nayo ina hadithi ya kabla. Mwaka 1882 mapadre Wamisionari wa Afrika waliondoka Buganda wakavuka ziwa wakaja kukaa Bukumbi, huku kwetu upande wa Mwanza. Hawakurudi mpaka 1885. Karibu miaka mitatu, Wakristo wale wachanga walibaki bila padre. Nani aliwaongoza? Walei, wengine vijana. Mmoja wao alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana waliomtumikia Kabaka Mwanga. Aliwafundisha, akawalinda wasidhalilishwe na mfalme, na alipouawa Askofu Hannington wa Waanglikana alithubutu kumwambia Kabaka kuwa amekosea. Tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa akakatwa kichwa.

Fikiria usiku ule. Kiongozi ameuawa. Kila mtu ameelewa ujumbe. Karoli Lwanga, ambaye alikuwa bado mkatekumeni, alikwenda kwa mapadre akaomba ubatizo, akabatizwa siku ile ile. Kisha akachukua nafasi ya Mukasa kuwalinda wale vijana. Alijua mwisho wa yule aliyemtangulia. Akashika upanga hivyo hivyo.

Miezi sita baadaye, Mei 1886, kesho yao ikiwa inajulikana, Lwanga mwenyewe alibatiza vijana ambao walikuwa bado, mmoja wao Kizito, mtoto wa miaka kama 14 hivi. Tarehe 3 Juni wakachomwa. Mukasa alimkabidhi Lwanga, Lwanga akamkabidhi Kizito, na Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, alikuwa anatangaza mnyororo mzima wa Wakatoliki 22. Kizito hakupata muda wa kumkabidhi mtu yeyote kitu. Au ndivyo ilivyoonekana. Hesabu tu Jumapili hii ni shule ngapi, vigango vingapi na kwaya ngapi Afrika Mashariki zina jina lake.

Na tarehe 24? Yohane Mbatizaji ndiye hadithi ya kabla ya Injili yenyewe. Wanafunzi wake walipokuja kulalamika kwamba watu wote wanahamia kwa Yesu, Yohane, katika Injili ya Yohane sura ya 3, anajilinganisha na rafiki wa bwana harusi: harusi si yake, lakini furaha ni yake, na ni sawa yeye apungue. Tunapenda sana sehemu hiyo. Tusome pia Mathayo 11. Yohane yuko gerezani. Anatuma watu kumwuliza Yesu kama kweli ni yeye, au wamngoje mwingine. Ndugu zangu, hili swali lina uchungu. Mtu ametoa ujana wake wote kuandaa njia, na sasa yuko gizani, haoni matunda. Yesu hamkemei. Anamtumia habari: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa. Kisha mbele ya umati anamsifu kuliko mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Lakini mlango wa gereza haukufunguliwa.

Nimeandika haya kwa sababu ya kijana mmoja wa parokia. Ni mtoto wa kwanza. Baba alipofariki, aliacha shule akiwa kidato cha pili, akaingia kwenye boda ili wadogo zake wawili wasome. Mmoja sasa yuko chuo. Siku moja baada ya jumuiya aliniuliza, tena bila hasira: "Kaka, hawa wakishafika, mimi nitakuwa nani?" Sikumpa jibu la haraka, maana halipo. Namjibu leo, na ninawajibu wote walio kama yeye, kwa mambo matatu.

La kwanza: hukuwa mjinga. Dunia ya mitandao itakuambia kuwa asiyejitanguliza amepotea. Ukisoma Waebrania 11 utakutana na orodha ndefu ya watu waliotembea kwa imani wakafa kabla ya kupokea kilichoahidiwa, na Mungu hakuwaita wajinga. Hata huku kwetu, Wameru wapatao 3,000 walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki kuanzia Novemba 1951 ili ardhi wapewe walowezi, wananchi walichanga, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Kura hazikutosha. Kwa macho ya siku ile, alirudi mikono mitupu. Lakini mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya chombo cha Umoja huo huo, na njia ilikuwa imeshakanyagwa na mtu wa Meru. Uhuru ulikuja 1961. Hatua iliyoshindwa ilikuwa hatua.

La pili: sadaka haiporwi. Katika Yohane 10 Yesu anasema wazi kwamba uhai wake hanyang'anywi na mtu, anautoa mwenyewe. Kwa hiyo wazazi, walezi, na sisi viongozi, tusimgeuze mtoto mmoja kuwa kuni za kuwapikia wengine halafu tuiite hiyo Injili. Na wewe unayebeba familia, kuomba msaada hakukupunguzii utakatifu. Mwambie padre, iambie jumuiya yako. Shule za jioni zipo, VETA ipo, mitihani ya watu wazima ipo. Simoni wa Kirene aliubeba msalaba na Yesu, na Yesu alikubali kusaidiwa.

La tatu, na hapa ndipo gemu inapoishia njiani. Zack anakufa, na kinachobaki kwake ni upanga na kumbukumbu. Inaumiza kwa sababu kumbukumbu nayo si salama: katika ile ya 1997, Cloud, akili yake ikiwa imevurugika, anaisimulia hadithi ya Zack kama yake mwenyewe. Jina la rafiki yake linazama kabisa. Kama tumaini letu lingekuwa kukumbukwa na watu tu, tungekuwa wa kuhurumiwa. Sisi tunasadiki ufufuko wa wafu. Wewe si utangulizi wa maisha ya mwingine na basi. Una sura yako mwenyewe mbele za Mungu, na kwake hakuna sura inayopauka ikafutika. Lwanga hakuwa ngazi ya Kizito. Wote wawili wako nyumbani, kila mmoja kwa jina lake.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana wengi wetu humu sisi ndio Cloud. Sisi ndio tuliosomeshwa. Ugonjwa wetu ni kusimulia: "Nimepambana mwenyewe, nimetoka mwenyewe." Kwani nani alikushikisha upanga? Mama wa ubatizo aliyekuja kipaimara chako na zawadi ya rozari ya plastiki, yuko wapi? Katekista aliyetembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango? Kaka aliyeacha shule? Kusahau jina la aliyekubeba ni namna ya kuiba. Na kila Misa inatufundisha kinyume chake: tunawataja watakatifu, tunawataja marehemu, ndipo tunapokea. Ekaristi maana yake ni shukrani.

Jukumu la wiki hii, basi. Kaa kimya dakika kumi, simu iwe mbali. Andika majina matatu ya watu waliokubeba mpaka hapa ulipo. Aliye hai, mpigie au mfuate, umwambie kwa kinywa chako kile alichokufanyia. Usimtumie ujumbe wa kunakili. Aliyefariki, mwombee nia kwenye Misa. Halafu andika jina moja la mtu aliye nyuma yako, mdogo wako, mtoto wa utoto mtakatifu, jirani, na umwulize Yesu: huyu nimkabidhi nini?

Tuombe.

Ee Bwana, unawajua wote waliotangulia mbele yetu na hawakuona mavuno. Uwape mwanga wako. Uwatie nguvu vijana wanaobeba nyumba zao leo barabarani, sokoni na mashambani, wasijione wamesahaulika. Utuponye sisi tuliopokea tusiseme kuwa ni vyetu. Na siku yetu ya kukabidhi ikifika, utukute mikono imefunguka. Amina.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee. Mtakatifu Yohane Mbatizaji, utuombee.

Jumapili njema, na vaa sweta.